Kengele ya Kerrow na Ufa Wake

Jua ndiyo kwanza limetoka, vumbi la soko la mifugo la Garissa bado lina baridi, na Kerrow amekaa kwenye mkeka mikono mitupu. Anangojea kisu.

Kisu kiko mfukoni mwa mjomba wake, Issack. Mzee anafika, anatoa salamu, anakitoa. Jioni huondoka nacho. Imekuwa hivyo tangu Kerrow, mwenye miaka thelathini na moja, aanze kuchonga kengele za mbao za ngamia. Hajawahi kumkwaruza mtu. Lakini ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, na watu sokoni wakisikia hivyo wanaangalia kisu kwanza, halafu yeye.

Kengele moja wanauza shilingi mia nane. Ngamia akipotelea vichakani, mwenyewe humtafuta kwa masikio.

"Mimi sauti za kichwani nimezizoea," anasema Kerrow, anatabasamu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Dawa imezifanya ziongee polepole."

Kujifunza ndiko kulikokuwa shida. Siku ya kwanza mjomba alimpa kengele kuukuu, akamwambia atengeneze kama hiyo. Kerrow akachonga, akachonga. Ikatoka sawasawa kabisa, mpaka na ufa wa pembeni. Ufa wenyewe alikuwa ameuchonga.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Issack. "Nikamwuliza, abti, mpwa wangu, ufa wa nini? Akaniambia, si ulisema kama hii?"

Huka, muuguzi wa kliniki ambako Kerrow huchukua dawa, hakucheka. Anasema ugonjwa huu unaweza kuifanya akili ishike kitu chenyewe na kuacha wazo lake. Aliwahi kumwuliza Kerrow mbuzi na ngamia wanafanana nini. Akajibu kwamba mbuzi ni wa mama yake, na ngamia kwao hawana.

Sasa hiyo kengele ya ufa ililia kwa kukwaruza, kama mtu aliyeamka na mafua. Mchungaji mmoja wa Liboi akaipenda hivyo hivyo. Alisema hata katikati ya kundi kubwa, hiyo hataikosa.

Tangu hapo Kerrow akawa anagonga kila kitu, sufuria, mlango, jerikeni, anafumba macho kusikiliza sauti inaenda mpaka wapi. Huka alipomwuliza tena habari ya mbuzi na ngamia, alifikiri sana, akasema wote wakipotea wanakuacha na ukimya.

Issack akaweka sharti: siku atakayochonga kengele ambayo hajaonyeshwa, kisu ni chake.

Wiki hii mteja wa Tarbaj, mbali kaskazini, ameagiza kengele ya ngamia jike anayebaki nyuma kila siku. Hakuleta mfano. Kerrow akauliza kitu kimoja tu. "Akibaki nyuma, upepo unatoka kwake au kwenu?"

Mteja akamwangalia Issack. Issack akaangalia mbao.

Leo kengele hiyo imefikia mdomo, ukingo wake wa chini. Jua linapotua, mzee anajikung'uta vumbi la mbao, anapapasa mfuko kwa mazoea, anaondoka bila kisu.

"Usikikatie kamba, abti," anasema bila kugeuka. "Kitakuwa butu."

Kerrow anakiweka juu ya goti, anakiangalia. Anataka kumaliza hii kabla ya Ijumaa, halafu achonge nyingine za watu wa Eldas.

"Sauti zilikuwa zinakuja kwangu tu," anasema. "Hii itatoka kwangu, ifike Tarbaj. Mimi mwenyewe sijawahi kufika Tarbaj."