Sakafu ya Kobe

Mimi nimefagia nyumba za watu na nyumba zangu tangu mkono wangu ulipofika kwenye mpini wa fagio. Zamani, mtaa wa Laini Saba, tuliishi watu saba chumba kimoja, reli hapa, mtaro pale, na hakuna mtoto wangu aliyewahi kwenda shule na alama ya kunguni shingoni. Kwa hivyo mama mwenye ploti tunayopanga vyumba hapa Kawangware alipovunjika mguu, akahamia kwa binti yake Nyayo Highrise mpaka apone, hakuuliza nani atamtunzia kobe. Alinipa mimi.

Kobe huyo aliachwa na marehemu mume wake. Humwita Mzee. Siku ya kuondoka aliniambia, "Huyu ndiye mume niliyebaki naye. Akifa, usiniambie kwa simu. Njoo, ukae chini kwanza."

Nikasema hatakufa. Kufa na nini, na mimi niko?

Boma lake liko nyuma ya tangi la maji, limezungushiwa mabati ya zamani, nusu yake ina paa. Nilipoingia asubuhi ya kwanza nilishangaa. Udongo mwekundu umechanganyika na majani makavu, mabua ya sukuma wiki yameoza, mavi marefu kama kidole gumba yamelala popote, na nzi wanapiga kelele kama watu wa soko. Mvua iliponyesha wakaja siafu. Halafu nikaona kupe watatu kwenye ngozi ya shingo yake, wamenona kama punje za maharagwe. Nikajisemea: mume aliyebaki ndiye analazwa hivi?

Jirani yangu wa mlango wa tatu, yule anayepanda sukuma kwenye magunia, alisema nimwage mafuta ya taa. Nikamwambia sisi hatufanyi hivyo. Kwetu Magharibi, viroboto na funza wakiingia nyumbani hatununui dawa. Unachukua mavi mabichi ya ng'ombe, jivu na maji kidogo, unakandika sakafu kwa kiganja, unaacha ikauke. Mama mkwe alinipima na kazi hiyo kabla hajanipa hata chai.

Nikatoa udongo wote. Karai baada ya karai, nikampa jirani ajazie magunia yake, akashukuru sana. Mavi nilipata ploti ya pili, kuna mzee anafuga ng'ombe wawili. Nikapiga magoti nikakandika, kona hadi kona, na mwisho nikachora mawimbi kwa vidole, vile tulivyochora nyumba ya bibi harusi. Ilipokauka ungeweza kula ugali pale chini.

Nikamrudisha Mzee. Alisimama katikati kama mgeni aliyeambiwa avue viatu.

Siafu hawakurudi. Nzi walifuata yale mavi siku mbili, wakaenda zao. Lakini kobe naye akaanza mambo yake. Kutwa nzima anakwaruza mabati kwa kucha, kwaru, kwaru, mpaka wapangaji wakaniuliza ninajenga nini. Ganda la tikiti maji, ambalo hulipenda kuliko watu, hakuligusa. Siku moja nikakuta amechimba kona, amevunja mawimbi yangu, amejisukuma ndani ya shimo. Nikamtoa, nikamwosha, nikakandika tena. Akachimba tena. Nikakandika tena. Mara ya tatu nilimwambia, "Wewe una roho mbaya."

Baada ya hapo hakuchimba. Aliingiza kichwa, akaingiza miguu, akakaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Macho, ukichungulia, yalikuwa yameshikana, yana maji maji.

Sasa hapo akili yangu ilikwama. Kuku akifa unajua. Mbuzi akifa anavimba. Kobe utajuaje, na yeye hata akiwa mzima ni jiwe? Nilimgonga mgongo kama mlango. Nilimnusa, hakunuka. Nilimweka juani, nikamweka kivulini. Sakafu ilikuwa safi, maji safi, chakula kimeoshwa. Ni nini tena kimebaki kusafishwa? Nilifagia hata pale pasipokuwa na kitu.

Jumanne mwenye ploti akapiga simu. "Mzee wangu anaendeleaje?"

"Amelala," nikasema.

"Jumamosi nitaletwa nimwone."

Nilikaa chini peke yangu, kabla ya kuambiwa.

Mjukuu wangu wa kwanza, msichana, anauza dawa za mifugo kwenye agroveti, na ana cheti. Cheti chenyewe kimetundikwa ukutani kwangu, si kwa mama yake. Nikamwita. Akaja Jumatano na nguo za kazi, akachungulia juu ya mabati.

"Shosho, hii ni nini?"

"Usafi."

Akaingia akagonga sakafu kwa kisigino. "Shosho, hapa unaweza kupokea askofu."

"Asante."

"Sijakusifu."

Akamgeuza Mzee upande, akamvuta mguu wa nyuma polepole. Mguu ukavutwa kurudi ndani.

"Yuko. Lakini huyu hulala kwa kuchimba," akasema. "Baridi anajifunika udongo, jua likizidi anajifunika udongo. Umemnyang'anya blanketi. Na jivu limemwingia machoni."

"Na siafu?"

"Siafu walifuata mabua yaliyooza. Chakula kikibaki, kitoe jioni. Mavi yake, toa kila siku. Kupe unang'oa mmoja mmoja. Udongo uache."

"Kwa hivyo niache udongo ndiyo kuwe safi."

"Ehe."

"Sijaelewa."

"Si lazima uelewe, shosho. Lete udongo."

Alimkalisha kwenye karai la maji ya vuguvugu, akamfuta macho kwa pamba, akang'oa kupe kwa kibanio chake cha nyusi. Mimi nikaenda kwa jirani.

"Umeona wapi zawadi ikirudishwa?" akaniuliza. "Hata mahari watu hukaa chini kwanza."

"Kobe anakufa."

"Na sukuma zangu zikifa?"

Alinipa makarai manne kutoka kwa magunia ambayo hakuwa amepanda bado, na kila karai nililojitwika alisema, "Nyinyi watu wa usafi mtatumaliza." Nilirudi nikachukua jembe nikavunja sakafu yangu mwenyewe, mawimbi na yote. Tukamwaga udongo, tukatupia majani makavu.

Alhamisi hakusogea. Ijumaa asubuhi nilikuta udongo umetoboka na nusu ya kobe haionekani. Jioni ganda la tikiti lilikuwa na alama ya mdomo.

Jumamosi mwenye ploti akaja na fimbo, binti yake kamshika kwapa. Alisimama mlangoni mwa boma akaangalia ule udongo, yale majani, shimo kwenye kona. Kisha akaniangalia mimi.

"Mama, nilikuachia kwa sababu wewe ni mtu wa usafi. Hata hujafagia."

Maneno yalinijaa mdomoni, mavi ya ng'ombe, jivu, mawimbi, magoti yangu. Mikono ilikuwa inaniwasha kutafuta fagio. Wakati huo udongo ukasogea pale kwenye kona. Mzee akatoka na vumbi mgongoni, macho wazi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ncha ya fimbo ya yule mama, akainua shingo.

"Ni kweli," nikamwambia. "Tangu Jumatano sijafagia."

Hakunisikia. Alikuwa ameomba kigoda, amekaa chini, anamkwaruza kobe shingoni kwa kidole na kumwongelesha kwa lugha yao. Kiatu chake kizuri kilikuwa kimezama kwenye udongo mpaka kwenye kifungo. Nilikitazama kile kiatu muda wote, na sikukigusa.