Maneno Kumi ya Rehema

Nakumbuka asubuhi moja baba aliponiita barazani kwetu, Kipatimu, akaniambia kwamba mdogo wangu Rehema hatapelekwa shule. Mwanangu, usiudhike nikianza mbali. Jana nilikuona ukimfundisha mwanao kutambua maneno, nikaona na unavyokunja uso akikosea, nikajiona mimi mwenyewe.

Miaka ile ya Mwingereza, mtoto wa kike kwenda shule milimani kwetu lilikuwa jambo la kuombewa ruhusa. Mimi nilikwisha kupata yangu, niko darasa la tatu, na sikufichi, nilijiona mwalimu kamili. Baba alisema msichana mmoja shuleni anamtosha, wa pili abaki kuamia ndege wasile mpunga. Nikambembeleza mpaka akalegea.

"Haya," akasema. "Akiyajua maneno kumi kabla hatujavuna, mtakwenda wote."

Nikakata boksi la sabuni vipande kumi, nikaandika kwa mkaa: mama, maji, moto, kuku na mengineyo. Kila jioni nilimwonyesha Rehema kimoja kimoja. Alikuwa na miaka sita hivi, mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi. Siku ya tatu nikainua neno maji. Akalitazama, akacheka, akayataja maji kwa Kimatumbi, kama tulivyoyaita nyumbani siku zote.

Nikamchapa mkono. Shuleni nilichapwa kwa kosa hilohilo, nikadhani ndivyo mtu anavyofundishwa. Kesho yake akaona moto, akasema tena kwa Kimatumbi, nikamchapa tena. Bibi, mama yake baba, alikuwa akipepeta mchele karibu yetu.

"We mjukuu wangu, hapo pameandikwa nini?"

"Moto, bibi."

"Na yeye kasema nini?"

"Kasema moto, lakini kwa Kimatumbi."

Bibi akaweka ungo chini. "Basi kasoma. Wampigia nini mwenzio?"

Nikaona bibi hajui mambo ya shule, hata jina lake hajui kuliandika. Nikainua kipande kingine.

Siku ya kupimwa ilipofika, baba aliketi na mimi nikainua kipande cha kwanza. Rehema hakukitazama. Alikuwa anautazama mkono wangu wa pili, ule usioshika kitu. Nikainua cha pili, cha tatu, hata cha kumi, na yeye kafumba mdomo. Baba hakukasirika. Alisema tu, "Mwache, atatusaidia shambani," akainuka akaenda zake. Nilitaka kumkimbilia nimwambie kwamba mtoto anayajua yote, lakini ningelazimika kueleza kwa nini hasemi, na niliona haya. Kunyamaza kule kunaniuma kuliko hata kumpiga.

Rehema aliolewa Njinjo, akazaa, akalea. Barua za wanawe husomewa na jirani. Hajanilaumu hata siku moja. Ila safari moja nilipokwenda kumtazama, tukiwa tunachambua mboga, aliniambia, "Dada, nilikuwa nayajua yote kumi."

Nikamwambia, "Najua."

Tukaendelea na mboga.

Basi, mwanangu, nakuusia hivi. Mwanao akiona neno akalitaja kwa lugha aliyonyonya nayo, furahi, kwa sababu neno limekwisha kumwingia, kisha mwambie taratibu shuleni wanaliitaje. Maneno mawili kwa siku yanamtosha, na ukiona hasira inakupanda, weka vipande vyako pembeni mkale kwanza. Na mtu asiyejua kusoma akikwambia kitu kuhusu mtoto, msikilize, maana huenda yeye anamtazama mtoto wakati wewe unatazama herufi. Mwenyezi Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, na amjaalie mwanao asome mbele yako bila kukuangalia usoni kwanza.