Senene Watatua Wapi?

Kwenye mkutano wa mtaa hapa Bukoba, ofisa mwenye viatu visivyojua tope alitusifia nyumba zitakazojengwa kwenye kinamasi chetu. Jirani yangu akauliza kuhusu mafuriko. "Wataalamu wanalifanyia kazi," ofisa akajibu, macho kwenye simu. Mimi nikauliza kuhusu chemchemi tunayochota maji. Nikapewa wataalamu walewale.

Ndipo bibi mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Waitu, mwanangu, mkishafyeka majani yote, senene watatua wapi?"

Ukumbi ukalipuka. Watu waliosinzia wakati wa swali la mafuriko sasa walikuwa wamesimama, wanatetea kitoweo chao cha panzi. Ofisa, ambaye ni mzaliwa wa Muleba na mla senene kama sisi, akaweka simu mezani na kuuliza taratibu, "Kwani huwa wanatua pale?"

"Tena wale wanono," bibi akasema.

Mkutano ukaahirishwa papo hapo, ili mchoro wa nyumba hizo ukaangaliwe upya.

Nimejifunza. Kesho nakwenda ofisini kudai ibadilishwe taa ya barabarani iliyoungua mtaani kwetu. Vibaka sitawataja kabisa. Nitasema tu kwamba gizani senene hawaji.