Jiko Alilolivunja Baba

Enzi zile za Mwingereza, sisi watoto wa Kisarawe hatukuwa na habari kwamba jiko hufanyiwa ukarabati. Jiko lilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba, ndani mafiga matatu, juu yake uchaga wa kukaushia mahindi ya mbegu, basi. Likivuja linaongezwa makuti, maisha yanaendelea. Vijana wa leo gesi ikiwaishia adhuhuri wanapigiana simu kama wamefiwa, kisha anakuja kijana wa bodaboda na chipsi kwenye mfuko, wanamshukuru eti kawaokoa. Kuokolewa na chipsi! Wenzangu mliolelewa kwa bada, ugali wa muhogo, na kunde, njooni tucheke, maana mimi nimekaa bila jiko siku ishirini na kitu, na aliyetufikisha huko alikuwa mpishi.

Ndiyo, mpishi. Baba yangu alimpikia mzungu mmoja wa Bomani, na pale mtaani alikuwa mtu mkubwa. Kanzu nyeupe pe, kofia nyekundu, viatu vinalia kwo, kwo, wanawake wanampisha njia, "Shikamoo, Bwana Mpishi." Alijua kuoka mkate na kuchemsha yai kwa kutazama saa. Nyumbani hakugusa hata mwiko. Akirudi jioni anakaa, ananyoosha miguu, anauliza, "Leo kuna nini?" Akiambiwa kisamvu, anashusha pumzi ndefu, masikini, kama anayesomewa hukumu. Kisha anakula chote na kutaja kasoro.

Huko kwa bwana wake aliona jiko la kujengwa, lina dohani ya kutoa moshi juu ya paa. Wazimu ukamwingia. "Moshi ni ushenzi," akatutangazia. "Mstaarabu anapika amesimama." Nani alikuwa anapika pale nyumbani, amesimama au amekaa, hilo hakulifikiria. Ijumaa moja mama alikwenda kisimani. Aliporudi na mtungi kichwani alikuta banda liko chini, makuti huku, miti kule, na baba na fundi wake wamesimama juu ya kifusi kama waliomuua simba. "Siku saba tu," baba akasema, "na utapata jiko la kizungu." Mama akatua mtungi. Aliinama akaanza kuokota vyungu vyake vilivyopona.

Siku saba gani! Huyo fundi, Mwinshehe, alikuwa hodari kweli, ila kazi aliyoizoea ilikuwa kujengea makaburi. Mkono ukishazoea haufundishiki. Jiko likainuka refu, jembamba, limepigwa chokaa, limelazwa kwa kufuata kibla. Wapita njia walipunguza mwendo wakasema, "Poleni." Baba akamwamuru abomoe. Akabomoa, akajenga lingine, likawa kaburi la mtu mfupi.

Huku nyuma sisi tunaishi. Mama alihamishia mafiga uani, upepo ukatia mchanga kwenye ugali, kuku wakaonja mboga kabla yetu. Mvua za vuli zikaanza, akasogea chini ya upenu, moshi wote ukaingia chumbani, kikohozi usiku kucha. Akatoa nje kasha lake la nguo zisinuke moshi. Mahindi ya mbegu, yaliyokosa uchaga, yakaingiwa na dumuzi. Na aibu sasa! Jiko lenye ukuta lina siri zake. Lisilo na ukuta kila jirani ni mkaguzi. Bi Tatu wa nyumba ya pili alikuwa anapaza sauti kutoka kwake, "Nazi moja tu leo, shoga?" Na kwetu sisi huwezi kula mbele ya mtu usimkaribishe, na Kisarawe ile mtu akikaribishwa anakaribia. Sufuria la watu watano likawa la watu tisa. Baba akiona hayo anaruka vyungu, anaingia ndani, anasema, "Vumilieni, ustaarabu hauji mara moja." Alivumilia vizuri mwenyewe, maana alikuwa anashiba Bomani.

Zikahitajika boriti za paa. Mjomba Kibwana, kaka wa mama, alikuwa Kibuta, na miti mizuri ilikuwa huko. Baba akamsimamisha mchoma mkaa mmoja aliyekuwa anaelekea kule. "Mwambie shemeji yangu nimevunja jiko. Nataka jipya kabla ya Maulidi. Aje anisaidie."

Mnacheka? Mnajua lugha yetu. Kijana akioa hatusemi kaoa, tunasema kapata jiko. Sasa mtu anamtumia salamu kaka wa mkewe kwamba jiko kalivunja, anataka jipya, na shemeji aje asaidie kulitafuta! Na yule mchoma mkaa, Mungu amrehemu, akaongeza aliyoyaona kwa macho yake: dada mtu yuko nje mvuani na vyungu vyake, hata kasha la nguo limetolewa.

Siku ya tatu yake wakaja wanaume watatu, mjomba na ndugu zake wawili. Baba yuko kazini. Wakamkuta mama amechutama chini ya upenu, anapuliza kuni mbichi, machozi yanamtoka kwa moshi. Mjomba akatazama kasha, akatikisa kichwa.

"Funga mzigo, dada. Mumeo katuletea habari, jiko kalivunja."

"Kasema mwenyewe?" mama akauliza.

"Kwa kinywa chake. Na anataka jipya."

Mimi nilikuwa na miaka tisa na mdomo wangu huu huu. Nikaona watu wazima wanahangaika na jambo lililo wazi, nikawasaidia. "Kweli, mjomba, kalivunja. Hata fundi alikuwepo."

"Mbele ya watoto!" mjomba akasema, akashika kiuno.

Mama akaziacha kuni. Alifunga khanga zake, akambeba mdogo wetu mgongoni, akashika njia ya Kibuta na kaka zake. Mimi na kaka yangu Salumu tukaachwa, maana watoto ni wa baba.

Baba aliporudi akauliza, "Leo kuna nini?" Hakuna, baba. Hakuna mtu. Akavua kanzu. Na hapo ndipo mtaa mzima ulipojionea, kwa kuwa ukuta haukuwepo, mpishi wa Wazungu akipiga magoti mbele ya mafiga matatu. Kuni zilimkataa. Nyusi ziliungua. Ugali ulitoka na madonge ya kumpigia mbwa, tukaula kwa hofu. Bi Tatu akaja na bakuli la kunde, akaliweka chini bila kumtania, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku ya pili Salumu akamuuliza baba, mama atarudi lini? Baba akageuzia uso ukutani.

Siku ya tatu alituchukua tukaenda Kibuta kwa miguu. Ukweni wakamkalisha mkekani kama mshitakiwa.

"Uliagiza nini?" babu, baba yake mama, akamuuliza.

"Kwamba nimevunja jiko."

"Nasi tumesikia."

"Jiko, baba! Jiko la kupikia! La makuti!"

Wakatazamana. Kisha mjomba akaanguka chali kwa kicheko, wote wakafuata, babu akafuta machozi kwa ncha ya shuka. Mama alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alisema tu, "Nitarudi likiisha."

Likaisha kwa siku nne, nawaambia. Baba mwenyewe, na boriti za mjomba. Banda la makuti, dirisha moja, dohani hakuna. Mama aliporudi baba akamwuliza, mara ya kwanza tangu nizaliwe, "Mafiga yakae wapi?" Akamwonyesha.

Kisa hicho tulikicheka miaka na miaka. Hakuna harusi ya ukoo wetu iliyokwisha bila mtu kumwigiza baba akisema "la makuti!" na mama akicheka, kiganja mdomoni. Hata baba alipokwisha kufariki, mama naye keshakuwa kikongwe, nikamwuliza siku moja kwa utani: mbona hukumwambia mjomba palepale kwamba ni banda tu lililovunjwa?

"Ningemwambia nini?" akasema. "Hata mimi nilijua ananiacha. Mtu anakubomolea jiko uko kisimani, hakuulizi, siku ishirini anaruka vyungu vyako kama havioni. Kaka zangu walipokuja niliona wamenieleza tu nilichokuwa nakijua."

Tumemchezea ngoma miaka arobaini juu ya siku aliyobeba mtoto mgongoni akiamini kaachika.

Basi, vijana nitaendelea kuwacheka, wana mengi ya kuchekwa. Lakini juzi mkwe wangu, wanajenga huko Sofu, nilimsikia akimwuliza binti yangu, "Mama Farida, sinki likae upande gani?" Binti yangu hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Popote tu," akasema, "usinisumbue." Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikamlilia mama yangu.