Mwandiko Uliolewa

Barua za Papa, baba yangu, zilinuka mawese. Tena si harufu ya kutafuta kwa kukaza pua. Zilinuka kiasi kwamba paka wa mtaa mzima, na nadhani hata wale wa Kigoma ng'ambo ya ziwa, walijua barua imefika kabla sisi wenyewe hatujajua. Zilitoka Manono, ambako Papa alikuwa akichimba mawe ya bati, na zilisafiri kwa baiskeli. Wale wanaume waliosukuma madumu ya mawese hadi kwetu Kalemie walizikunja mara nne, wakazificha chini ya tandiko au wakazisokomeza ndani ya bomba la usukani. Zilipofika Nyunzu zilihamia baiskeli nyingine, kwa hiyo aliyetupigia hodi karibu kila mara alikuwa mtu ambaye hajawahi kumwona Papa kwa macho. Karatasi yenyewe ilifika imelowa mafuta hadi imekuwa kama kioo. Ukiinua juu, ungemwona jirani akianika ndakala, dagaa wetu, upande wa pili. Hadi leo nikipita sokoni mahali wanapopima mawese, kabla sijakumbuka nilichotumwa, mwili wangu unajiweka tayari kusoma.

Mimi, Feza, nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa msomaji wa lupango yetu, yaani ule uwanja wa nyumba nne ndani ya uzio mmoja, ambao kwa hesabu yangu ya wakati ule ulikuwa na watu mia tatu. Mama hakuwahi kukaa darasani. Barua ilipofika aliiweka kwenye kifua cha gauni lake na kungoja alasiri, wanawake warudi kutoka ufukoni na mabeseni ya samaki, kila mtu akae kwenye mkeka au kwenye dumu lililopinduliwa, kisha ndipo aliponipa. Na kusoma kulikuwa na desturi yake. Aliyesalimiwa kwa jina alipaswa kuitika kwa sauti, kana kwamba Papa amesimama pale pale. Nikisoma, "Namsalimu Mama Sifa," basi Mama Sifa wa nyumba ya pili alipaza sauti, "Nimesikia, Papa Feza! Huku tuko!" Hata mgonjwa aliitika kutoka ndani ya chandarua. Barua ilikuwa ya lupango nzima, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna mtu mzima aliyeandika shida yake ya ndani. Nani aandike jipu lake, halafu lisomwe na mtoto mbele ya majirani? Jambo zito lilingoja mdomo na uso. Hilo nililijua kama nilivyojua jina langu, na siku lilipohitajika sikulikumbuka.

Sasa, mwandiko. Wangu ulikuwa msiba. Shuleni somo la mwandiko lilikuwa na alama zake kwenye buletini ya matokeo, na mimi nilipata mbili juu ya kumi, moja kati ya hizo nadhani kwa kuja na kalamu. Mwalimu wetu aliinua kaye yangu, daftari la mazoezi, darasa zima lione. "Muangalie! Kuku ameingia kwenye wino, kisha mbwa akamufukuza." Darasa lilicheka mpaka nikadhani paa litatoka. Kisha akashusha sauti, na ni hiyo sauti ya chini iliyonibakia: "Feza, mutoto wangu, mukono muchafu unatoka kwenye roho yenye kuchafuka. Jichunguze." Nilijichunguza wiki nzima, nikakuta humo sukari niliyoiba mara mbili na uongo usiohesabika, nikaamini.

Tena hakuwa peke yake. Katika nyumba ya tatu aliishi Papa Kalonda, karani mstaafu wa reli, mwenye mwandiko mzuri hata ungedhani malaika ndio waliomfundisha. Yeye alisoma miandiko kama wengine wanavyosoma mawingu. Wasichana walimletea barua za wachumba wao, naye alivaa miwani na kutoa hukumu: huyu analaza herufi zake nyuma, ni bahili, huyu anafunga vizuri 'a' zake, atatunza siri. Na mfano wake wa mwandiko mwema ulikuwa wa Papa yangu, aliyefundishwa na mapadri wa Moba. Herufi za Papa zilisimama kama askari kwenye gwaride, hakuna hata moja iliyojikuna. "Huyu," alisema Papa Kalonda akigonga karatasi kwa kidole, "hata akiwa chini kwenye shimo, roho yake imenyooka." Mama aliposikia hivyo alirudi jikoni akitembea kama mke wa gavana.

Kiangazi cha mwaka huo ilifika barua fupi. Nilipoifungua nilidhani si ya kwetu. Herufi zilikuwa nyingine kubwa kama jembe, nyingine ndogo kama chawa, mistari inapanda na kushuka, na mahali pengine kalamu ilitoboa karatasi. Haikusalimu mtu hata mmoja. Ilisema tu: Mama Feza, mimi niko. Uje na mutoto mbele ya mvua kuanza. Uje kweli. Kuna neno nataka tuzungumuze. Basi, na jina lake, limeinama kama mtu anayetafuta sindano.

"Mbona unasoma pole pole?" Mama aliuliza. "Iko nini?"

"Mwandiko, Mama."

"Uko namna gani?"

Ningeweza kusema umepinda. Ningeweza kusema umechoka, na huo ungekuwa ukweli mtupu. Lakini watu walikuwa wamekaa pale hawakusalimiwa, nyuso zimeanza kununa, na mimi sijawahi, tangu kuzaliwa, kuona uso ulionuna nikauacha hivyo. Nikainua karatasi juu. "Umelewa!" nikasema. "Muangalie hii 'm', inatafuta mulango wa nyumba yake haiuoni. Hii 'k' imeanguka kwenye mutaro. Na hii 't' wenzake wanaibeba!" Nikayumba mara mbili tatu kuonyesha. Lupango yote ikaanguka kicheko. Mama Sifa alijipiga mapaja akisema, "Lutuku hiyo! Lutuku ya Manono, haiachi mutu na mifupa!" Hata Mama alicheka. Nakumbuka meno yake.

Papa Kalonda ndiye peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono, nikampa barua, akaigeuza kwenye mwanga kwa muda mrefu. "Mutoto anacheza," alisema, "lakini amesema kweli. Mama Feza, huu ni mukono wa mutu wa pombe. Na tena hajasalimu jirani hata mumoja. Mutu akisahau majina ya watu, kuna kitu kingine kimejaza kichwa yake."

"Mwanamuke?" akauliza Mama Sifa.

"Mimi nasoma mukono tu. Mengine sisemi."

Kunyamaza kwake kulimaliza kazi. Tangu Pasaka Mama alikuwa amekausha gunia la samaki wa mikebuka kwa ajili ya safari ya Manono, akilitazama kila asubuhi kama mtu anavyotazama tiketi. Kesho yake alilifungua na kuligawa nyumba kwa nyumba. Tulikula safari yetu kwa wiki mbili, kwa ugali, na ilikuwa tamu, Mungu anisamehe. Kisha akaniita. "Andika," akasema. "'Papa Feza, siku utaacha pombe, siku hiyo tutakuja.' Basi. Tia jina." Nikaandika kwa ule mwandiko wangu wa kuku na mbwa, nikaukunja mara nne, na baiskeli ikaondoka nao kuelekea Nyunzu.

Mvua zilianza. Katikati ya mvua hizo, siku moja asubuhi, aliingia mwanaume aliyepakwa matope hadi nyusi, akisukuma baiskeli yenye mzigo mdogo: blanketi na suruali ya Jumapili. Mama aliitambua suruali kabla mgeni hajasema jina lake. Alikuwa Papa Ngoy, aliyechimba shimo moja na Papa, na alikuja mwenyewe njia nzima kwa sababu habari ya namna ile haihamishwi baiskeli.

Alikaa, akakataa maji, akaeleza. Kiangazi kilipoanza, jiwe liliangukia mkono wa kuume wa Papa. Kidonda kilikataa kupona. Daktari akataka kuukata. "Akasema hapana," Papa Ngoy alisimulia, akitazama chini. "Akasema, 'Huu mukono njo unaolisha watu wangu. Namungojea bibi yangu, nimuulize yeye kwanza.' Nikamwambia nitakuandikia barua. Akakataa. 'Mama Feza akiona mukono wa mutu mwingine atashituka njiani, atajua nimeumia.' Akachukua kalamu ya bik kwa mukono wa kushoto. Siku tatu, Mama. Siku tatu kwa ile karatasi moja, ulimi inje sawa vile mutoto wa shule. Tulikuwa tunamucheka."

Mama aliuliza kama jibu lilifika.

"Lilifika." Alikwangua matope kwenye kiganja chake. "Alisoma, akaiweka chini. Baadaye akaichukua tena. Hakuwa anasoma maneno, alikuwa anaangalia tu mwandiko. Akaniita. 'Ngoy, angalia hii z ya Feza. Inafanana na yangu ya sasa. Mutoto wangu huyu, hata wachanganye barua za Kongo nzima, mukono wake nitaujua.' Akacheka. Homa ilikuwa imeshaanza."

Wakati wa matanga Papa Kalonda alikuja na kiti chake, akakaa mbali na wengine. Siku ya pili alisimama mbele ya Mama, miwani mkononi. "Nilisema pombe," akasema. "Ni mimi nilisema pombe, Mama Feza. Unisamehe." Mama alimwambia, "Kaa, Papa, ule." Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sahani yake. Sikusema kwamba aliyesema pombe kwanza ni mimi. Kila mtu alijua, maana kila mtu alicheka, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyewahi kulitaja. Mzee yule hakusoma tena mwandiko wa mtu hadi alipofariki. Alibeba lile neno lote, na nusu yake, au zaidi ya nusu, ilikuwa yangu.

Shule niliiacha mwaka uliofuata. Niliirudia nikiwa mama wa watoto wawili, kwenye madarasa ya jioni, nikiwa mkubwa kuliko nusu ya walimu na mwenye kelele kuliko wote. Diploma niliipata, siku ya mtihani nilihakikisha naandika kwa nguvu zangu zote, na bado nina hakika msahihishaji alidhani kuku wote wa Kalemie wameamua kusoma. Mwandiko wangu haujabadilika. Watu waliouona wamesema mimi ni mvivu, ni mwenye haraka, ni mwenye akili nyingi zinazokimbia mbele ya kalamu (hao ndio niliowakaribisha chai). Mimi mwenyewe nimefikia kuamini kidogo tu: mwandiko waweza kukuambia ni nani ameandika, na labda kwamba alihangaika. Alihangaika na nini, hausemi. Hilo lazima uende kumuuliza, hata kama ni Manono, hata kama mvua zinakuja. Na kila ninapotia sahihi kwenye biro, yaani ofisi fulani, ile z katikati ya jina langu inayumba kama kawaida yake, na kwa nukta moja mtu mwingine anakuwa ameshika kalamu, ulimi nje, anatoa jasho. Karani husema, "Mama, sogea, wengine wanangoja." Nami husogea, nikimtania ili asione.

Siku hizi Manono inaingia kwenye simu. Wake wa wachimbaji wa mtaa wetu wanasikiliza sauti za waume zao wakiwa wanaparua samaki, na kama mtu amelewa wanasema wanamsikia. Nami huwaambia, muulizeni kwanza kama anaumwa jino. Wananiona naongeza chumvi. Ni haki yao, nimewapa sababu nyingi.

Mwezi uliopita Mama alijiandikisha kwenye kisomo cha akina mama wazee parokiani. Nilimtania sana: nikamwambia atakuwa askofu. Juma lililopita mwalimu wao aliwaambia kila mmoja aandike neno lake mwenyewe, lisilotoka ubaoni. Alirudi saa sita mchana, akavua viatu, akaketi karibu nami, akanipa kaye. Herufi zilikuwa kubwa, zinapanda na kushuka, na ufutio ulikuwa umechana karatasi mahali pawili. Yalikuwa maneno mawili: Nilitaka kwenda.

Nikayafuata kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Inasomeka?" Mama akauliza.

"Inasomeka, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akafungua ukurasa mweupe, akanisogezea penseli niandike langu.