Kumuuguza Mke wa Mfugaji

Katika miaka ya tisini nilikuwa mmoja wa akina mama sita wa jumuiya yetu pale Mofu tuliofundishwa kuuguza wagonjwa majumbani. Mwalimu wetu alikuwa sista muuguzi kutoka Ifakara, mwanamke mfupi aliyekuja kwa pikipiki mara moja kwa wiki, barabara ikipitika. Alituonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, kumwogesha akiwa kitandani, na kumsafisha kinywa kwa maji ya chumvi. Siku ya kwanza kabisa alituambia, "Hawa mtakaowauguza hawatapona. Kazi yenu ni kuona hawateseki." Wawili kati yetu hawakurudi wiki iliyofuata.

Mgonjwa wangu wa tatu alikuwa mke wa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake pembeni mwa mbuga. Mama huyo alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Hospitalini walikuwa wamemwambia mumewe kwamba imeshaenea, hakuna upasuaji utakaosaidia, basi amrudishe nyumbani. Sista alipoitaja kaya yenyewe, niliijua. Msimu uliotangulia ng'ombe wa mtu huyo waliingia kwenye mpunga wetu ukiwa umekaribia kuvunwa. Tulivuna magunia mawili tu. Kesi ilifika kwa mtendaji wa kijiji, ikazungushwa mpaka tukachoka kuifuata.

"Mpeleke mwingine," nilimwambia sista.

"Nani?"

Wenzangu watatu kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake. Nikaenda mimi.

Mume wangu aliposikia, aliweka chini jembe alilokuwa akilinoa. "Ng'ombe wake wamekula mpunga wetu, halafu wewe unakwenda kumfulia mkewe?"

"Mkewe hachungi ng'ombe," nilimjibu. Aliokota jembe akaendelea kulinoa. Kwa siku kadhaa hakusema na mimi chochote isipokuwa habari za chakula.

Harufu ya nyumba ya mgonjwa ilisikika kabla hatujaingia. Alikuwa amelala akitazama ukuta, miguu ameikunja. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Wangaluka," neno pekee la kwao nililolijua, naye akageuka akacheka jinsi nilivyolitamka. Sikutarajia kwamba angeweza kucheka. Tulimwosha, tukamtandikia nailoni na khanga kuukuu juu yake, na sista akasaga vidonge fulani akanyunyizia penye kidonda ili harufu ipungue. Wakati wa kazi hiyo yote mumewe alikuwa amesimama mlangoni.

Tulipotoka nje aliuliza, "Mnadai nini?"

"Hatudai kitu, baba," sista alisema.

"Hakuna cha bure. Hospitali nimeuza ng'ombe wawili. Kwa mganga nimetoa mwingine. Wote hao walitaja bei kabla ya kumgusa. Nyinyi mmemgusa kwanza. Kesho mtaniambia nibatizwe, au nihame."

Nilidhani sista atakasirika. Aliomba kigoda, akaketi.

"Hapo kwamba hakuna cha bure umesema kweli," alisema. "Vidonge vya maumivu vinanunuliwa kwa fedha za watu wa mbali ambao wewe na mimi hatutawaona. Siku wakiacha kutuma, itabidi tukuombe wewe ununue, nami nitakuambia mapema. Mafuta ya pikipiki ni ya parokia. Sabuni inatoka kwa hawa akina mama. Kila mmoja hutoa debe la mpunga akishavuna, tunauza. Na huyu mama uliyemwona akimwosha mkeo halipwi. Leo ameacha shamba lake."

Mfugaji alinitazama kwa mara ya kwanza. "Na wewe ulitoa debe?"

"Mwaka huu nimetoa nusu," nilisema.

Hakuuliza kwa nini nusu. Shamba letu alikuwa analijua lilipo.

Nilikwenda pale mara tatu kwa wiki. Katika wiki ya pili nilimkuta mgonjwa ameuma kitambaa kwa maumivu, na vidonge vyake havionekani. Mumewe alivitoa kwenye sanduku la bati. Alikuwa akimpa kimoja asubuhi tu.

"Naweka akiba," alisema. "Vikiisha je?"

Nilimweleza kama nilivyofundishwa: asisubiri maumivu yaje, ampe kwa saa zake, hata mkewe akiwa ametulia; akisubiri, yatakuwa magumu kuyashusha. Alinisikiliza kichwa kimeinama. Hakuwa na saa, kwa hiyo tulipatana afuate jua na kurudi kwa mifugo. Baada ya siku mbili mkewe aliweza kukaa, akala uji, akaniambia nimsuke. Nilimsuka vibaya kwa sababu nywele zilikuwa chache. Aliomba kioo hata hivyo.

Wakati huo ndipo mumewe alipomwambia sista kwamba atatoa maziwa. Sista hakukataa. Aliamua yaende kwa mgonjwa mwingine wa kijijini, mjane aliyekuwa amekonda sana kwa kifua kikuu, na kila asubuhi kibuyu kilifika kwake. Kwetu hakikuletwa chochote, wala mimi sikuomba. Mama mmoja wa jumuiya alilalamika kwamba mpunga wetu unamnunulia sabuni mtu asiyesali na sisi. Sista alimuuliza kama mjane ayakatae maziwa. Hoja ikaishia hapo, ingawa yule mama hakuridhika.

Mvua za masika zilikata barabara na sista hakuweza kuja. Vidonge alikuwa ameacha vya kutosha. Mgonjwa alikufa asubuhi, mimi nikiwa ndani na mumewe amemshika mguu. Alikuwa analala tangu jana yake, pumzi zikija moja moja kwa kuachana, kisha hazikuja tena. Mumewe aliniuliza, "Ndiyo?" Nikamwambia ndiyo. Alitoka akawafungulia ng'ombe, kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda.

Mume wangu hakwenda mazikoni. Niliporudi aliniuliza jambo moja tu, kama aliteseka. Nilimwambia hapana, alikufa usingizini. Aliitikia kwa kichwa, akanisogezea maji ya kunawa.

Maziwa yaliendelea kwenda kwa mjane mpaka kiangazi, mfugaji alipohamisha mifugo yake upande mwingine wa bonde. Alipita kuniaga akiwa amesimama nje, hakutaka kuketi. Habari za shamba hakuzigusa, nami sikumlazimisha. Sikuwahi kumpenda mtu yule. Mkewe nilikuwa nimemzoea, na kwa wiki kadhaa baada ya kumzika, kila siku yangu ya kwenda kwake ilipofika, sikujua nianze na kazi gani.