Siku Niliyomtembeza Mkwe Tanga

Siku ile ilinigharimu shilingi tisa na thumni, za wakati ule, shilingi ilipokuwa bado na uzito mfukoni. Nilipohesabu mara ya pili zikawa tisa na senti sitini, maana nilisahau karanga za bibi. Nazitaja kwa sababu kila anayesikia nimekulia Tanga huniuliza: nikifika kule nile wapi, nitazame nini? Sina jibu jingine ila siku hiyo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, milima ya Usambara, na kushuka na viazi na mapeasi. Huko juu nikaposa. Mahari tulivutana siku tatu na wajomba wa binti, tukaafikiana. Akabaki mama yake, mjane, na binti ndiye mtoto wake wa pekee. Akasema hamtoi mwanawe kwenda mahali asipopajua. Atashuka mwenyewe, atazame, kisha atasema ndiyo au hapana. Akaja na mama yake mzazi, wakafikia kwa ndugu zao Makorora, na kesho yake asubuhi nikawafuata nimevaa kanzu ya kuazima.

Kwao, na hata kwetu, mama na mkwewe mwanamume hawali pamoja, hawagusani, wala hawaongei ana kwa ana. Bibi ni mambo mengine: yeye na mume wa mjukuu wake ni watani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona mwembamba hivyo? Samaki unauza wote, huli?"

Mkwe alijifunika khanga, akageukia ukuta, akanijibu shikamoo yangu kwa sauti ya mtu aliyetajiwa bei asiyoitaka. Nikatangulia. Wao wakafuata nyuma, hatua kumi.

Basi kama uko Tanga asubuhi, anzia Ngamiani, Barabara ya Nane, kwenye mgahawa wa Mwarabu mmoja, Mshihiri, aliyekuwa na jiko mlangoni. Mbaazi zake za nazi zilikuwa nzito kiasi kwamba hamri ukilichovya lilisimama. Niliagiza sahani tatu. Nilipogeuka, mkwe alikuwa ng'ambo ya barabara, amenipa mgongo. Hapo ndipo nilipoona kosa langu: nilikuwa nimepanga siku nzima ya kumlisha mtu asiyeweza kula mbele yangu.

"Usijali, mume wangu," bibi akasema, akivuta sahani ya pili. "Nitamlia."

Akaila na yangu pia, maana mimi nami ningekulaje mkwe yuko pale? Pa pili palikuwa kando ya soko, mhogo wa kuchoma na mishikaki, pilipili ya kukutoa machozi kwa senti tano. Nilijifanya mjanja: nikalipa, nikajificha nyuma ya nguzo ili ale. Hakula. Alijua nipo nyuma ya nguzo. Kwa wanaokunywa, palikuwa na kilabu cha mnazi upande wa Nguvumali, kilichosifiwa kwa usafi wa mitungi. Bibi aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni mbali. Nikasema ni mbali. Hakikuwa mbali.

Ukishashiba, nenda bandarini. Tulisimama juu, kwenye miti, saa mbili unusu, maji yamejaa hadi kwenye mawe. Meli mbili zilitia nanga katikati ya ghuba, na matishari yakienda na kurudi na marobota ya katani. Mimi pale nilipita mara elfu, nikihesabu marobota nijue vibarua watalipwa lini wanunue samaki. Sikuwahi kutazama maji. Siku ile nilisikia nyuma yangu mtu ameacha kupumua. Mkwe alikuwa ameangusha khanga mabegani, kinywa wazi. Kwao jicho halifiki mbali ila linakutana na mlima mwingine. Hapa halikukutana na kitu. Nami nikatazama alikotazama, nikaona aibu kwamba kitu kikubwa kama kile nilikuwa nikikipa mgongo kila siku.

Baada ya adhuhuri niliwapeleka ufukweni Raskazone kwa teksi. Mkwe hawezi kuketi nami gari moja, kwa hiyo wao wakapanda teksi, mimi nikafuata nyuma kwa baiskeli ya kukodi: nauli mbili kwa safari moja. Nilimshusha dereva kutoka shilingi nne hadi tatu, akalipiza kisasi kwa kwenda mbio. Tulifika karibu saa nane. Bahari haikuwepo. Pale yalipopaswa kuwa maji palikuwa tope linalong'aa, mawe na majani, na wanawake wawili mbali kabisa wakiokota chaza.

Mkwe akamnong'oneza mamake.

"Mume wangu," bibi akasema, "maji uliyotuonyesha asubuhi umeyauza?"

Mkwe hakucheka. Alivua viatu, akashuka ngazi za mawe, akaanza kutembea. Nilihesabu hatua zake hadi mia mbili na kumi, kisha nikapoteza hesabu. Alisimama mahali ambapo asubuhi samaki walikuwa wakipita juu ya kichwa chake. Akainama, akagusa chini kwa kiganja, kama mtu anayepima homa. Nikamfuata, nikasimama hatua kumi.

Bibi alikuwa amebaki juu na karanga zake. Hapakuwa na wa kupitishia maneno.

"Yatarudi?" akauliza. Aliuuliza upepo, lakini nilikuwepo mimi tu.

"Yatarudi, mama. Usiku yatakuwa pale ngazi zinapoishia."

"Na kesho?"

"Kila siku, mama. Yanaondoka mara mbili, yanarudi mara mbili."

Alitazama maji membamba yakimpita vidoleni.

"Basi na mwanangu atarudi," akasema. "Mara mbili kwa mwaka. Nauli yako."

Nilitaka kusema mara moja yatosha, Idi kubwa. Nadhani ni siku pekee niliyolipa bei ya kwanza. Nikasema, "Naam, mama."

Nimelipa. Kila mwaka mke wangu amepanda Usambara mara mbili, hata baada ya sisi kuhamia Morogoro. Sasa mkwe ameleta salamu: anataka kusimama tena pale chini, mara moja, kabla macho hayajafumba. Magoti yake yamekufa. Ngazi zile, nimeagiza nikahesabiwa mara mbili, zina vidato thelathini na moja. Bibi ametangulia mbele ya haki. Mke wangu ana mgongo mbovu. Kumkodi kuli ambebe ni kumfanya robota la katani, na mimi, mwenye mabega mazima, siruhusiwi hata kumshika mkono. Wewe uliyeniuliza habari za Tanga, kama unajua namna mkwe anavyoweza kumbeba mamamkwe bila kumvunjia heshima, niandikie.